Jamhuri ya Mji wa Guku Jilala

Nyuma ya stendi ya mabasi,
Bariadi,
Simiyu.

12 Januari 2025

Mpendwa Sengi Matilda,

Mwangaluka Sengi, shangazi yangu. Huenda barua itakukuta jioni, lakini mimi naandika asubuhi, kwa hiyo pokea hiyo hiyo ya asubuhi. Hamjambo huko Masasi? Anko Thadei hajambo? Ule mgongo wake umepoa, au bado anainama kama anatafuta sindano? Na binti yako Elina, amekua? Mara ya mwisho alinipita urefu nikadanganya watu kwamba amevaa viatu vya kisigino.

Nasikia huko mnatafuna korosho kama sisi tunavyotafuna michembe. Nitunzie kidogo. Meno yangu bado ni ya ujana.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwili mzima kabisa. Moyo ndio una mchubuko, na mchubuko wenyewe utaukuta huko chini. Nakuomba usiruke mistari, kama unavyoruka kwenye kwaya beti ambazo hukuzikariri.

Kwanza nikupe habari njema, maana ziko. Siku hizi hapa Bariadi ukitaja harusi bila kumtaja Luhende Mziki, watu wanakuuliza kama ni harusi au kikao cha wazazi. Nina spika mbili kubwa kama kabati lako la vyombo, maiki isiyo na waya, na jenereta ambalo likiwaka hata kuku wanajua kwamba Jumamosi imefika. Yule mwalimu wangu wa hesabu aliyesema nikiacha shule kidato cha pili nitaishia kuchunga ng'ombe, binti yake ameolewa Oktoba. Unadhani mziki alipiga nani? Nilimpungia mkono kutoka jukwaani. Akapunga na yeye, angefanyaje.

Haya, majivuno yamekwisha. Nimeyamwaga yote hapo juu ili huku chini yasinisumbue.

Najua umeniblok. Nilipiga nikasikia yule dada wa mtandao, nikajaribu kwa namba ya rafiki yangu Constantine, ukasikia sauti yangu ukakata. Sikulaumu. Ila najua ulichosikia umekisikia kwa vipande, na vipande vya habari ya kwetu huwa vinafika Masasi vimeshaota mikia. Bibi naye anataka nikuandikie, ingawa hakuniambia mimi. Usishangae, utaelewa ukifika mbele.

Mambo yalianza na Uhuru. Mwalimu Gloria, yule wa kutoka Moshi anayefundisha shule ya msingi kijijini kwetu Lingeka, alitaka tarehe tisa Desemba watu wasikae tu nyumbani. Akaandaa igizo kwenye uwanja wa mnada: Tanganyika inaachana na Malkia wa Uingereza. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wengine wako mashambani, akakosa mtu wa sauti. Akanipigia simu. Sengi, mtu akikutafuta kutoka Lingeka mpaka Bariadi kwa ajili ya sauti yako, hata wewe ungevimba. Nilifunga spika kwenye pikipiki nikaondoka siku hiyo hiyo.

Kristofa, yule rafiki yangu mwenye shingo ndefu, alikuwa Gavana. Kofia yake ya kigavana ilikuwa sufuria ya Bibi iliyopinduliwa, imebandikwa manyoya ya jogoo. Bendera ya Malkia ilishonwa kwa foronya. Ya Tanganyika, ile ya kijani, njano na nyeusi, Mwalimu Gloria aliishona mwenyewe vizuri sana. Mimi nilikuwa msoma tangazo. Gavana anashusha yake, sisi tunapandisha yetu, mimi natangaza.

Mwalimu alitufundisha vitu ambavyo kumbe shuleni vilinipita nikiwa nimelala. Kwamba mwaka sitini na moja tulipata uhuru, lakini Malkia akabaki kwenye kiti kama mgeni aliyekwishaagwa na hataki kuondoka, mpaka mwaka uliofuata tulipotangaza jamhuri ndipo tukaachana naye kabisa. Kwenye igizo tukafanya yote mawili siku moja. Watu wana mashamba ya kwenda.

Sasa shida iko kwenye baragumu. Mwalimu Gloria hakujua, yeye ni mtu wa Moshi. Alitaka kitu cha kuwaita watu kabla ya tangazo, akaenda kwa Mzee Bujiku, mtemi wa sungusungu wa kitongoji chetu, akamwomba lile baragumu la pembe. Mzee Bujiku akalitoa. Labda kwa sababu ya heshima ya Uhuru, labda kwa sababu Mwalimu Gloria akiomba kitu anatabasamu. Akalileta mwenyewe, akakaa kiti cha mbele kabisa.

Wewe unajua, ila nikukumbushe, maana huko Masasi hawana jambo hili. Kwetu baragumu likilia mbele ya watu, neno linalofuata si la utani. Ukitangaza kwamba ng'ombe wako amepotea, watu wanatoka kumtafuta. Ukimtaja mtu, ametajwa. Ukikataa jambo, umekataa. Ningekuwa mgeni ningejitetea kwamba sikujua. Nilijua, Sengi. Tangu sijaanza kuvaa suruali nilijua.

Nikalipiga mara ya kwanza, nikatangaza kama nilivyofundishwa. Tanganyika ni nchi huru, haitawaliwi tena na Malkia wa ng'ambo, yanayoihusu itayaamua yenyewe. Bendera ikapanda. Vigelegele vikapigwa, na mama mmoja mzee akalia machozi ya kweli. Makofi yakaja, yakaja, hayaishi. Sengi, makofi ni pombe. Mimi kwenye harusi nimezoea kuyapata, lakini yale yalikuwa ya watu wa kwetu, walionijua nikiwa na kamasi.

Na pale mbele namwona Mzee Bujiku. Mwaka jana alinizimia mziki katikati ya sherehe ya Kristofa kwa sababu nyumba ya tatu palikuwa na mgonjwa. Alichomoa waya akaondoka nao. Kesho yake aliurudisha, umekunjwa vizuri kuliko ninavyoukunja mimi, lakini watu walikuwa wameshanicheka. Nilikuwa nalo moyoni.

Nikapiga baragumu mara ya pili. Halafu nikasema hivi, nakuandikia kama nilivyosema, sipunguzi: "Na mimi Luhende natangaza kwamba mji wa Jilala nao ni jamhuri. Kuanzia leo hauko chini ya Mtemi Bujiku. Hauendi zamu, haulimi na mtu, haubebi kuni kwenye msiba wa mtu. Mtemi apande meli arudi kwao."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Kristofa alicheka mpaka sufuria ikamdondoka. Guku Jilala mwenyewe, babu yangu mwenye boma hilo, alikuwa safu ya pili na Bibi. Alikuwa anacheka na yeye, mpaka nilipotaja jina lake.

Mzee Bujiku akainuka taratibu, akanyoosha mkono nikampa baragumu. Akafuta pale nilipoweka mdomo, akafuta kwa upindo wa shati lake. Akageuka kwa watu akasema neno moja tu, bila kupandisha sauti.

"Tumesikia."

Na kicheko kikaisha, hivi, kama umechomoa waya.

Jioni nyumbani nilimkuta Guku amekitoa kile kigoda chake nje, amekifuta vumbi. Akanionyesha kwa kidole.

"Kaa, mheshimiwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kaa. Ng'ombe hawajanyweshwa, na lambo ni la kitongoji, sisi si wa kitongoji tena. Serikali yako inasemaje?"

"Guku, ulikuwa ni mchezo tu."

"Sawa. Mchezo unasemaje kuhusu maji?"

Bibi akamwambia amwache mtoto ale kwanza. Guku akasema mtoto yuko wapi hapo, yeye anamwona rais. Halafu akasema lile jambo ambalo mpaka leo linanitafuna, na alilisema huku anatoa miba kwenye ndala zake, wala haniangalii. Kwamba yeye wakati ule wa uhuru wenyewe alikuwa mtoto mdogo wa kuchunga, na anakumbuka kabla ya siku hiyo watu walikuwa wanapita kwa baiskeli, mji kwa mji, wanakaa na baba yake Mayunga, wanamuuliza. "Hata baba yangu mbishi waliuliza. Wewe ulituuliza lini?"

Mimi nikala ugali.

Nilidhani yataisha siku mbili tatu. Unajua sisi vijana, tunaona mambo ya wazee ni kama mvua ya kiangazi. Lakini Salu, jirani yetu, hakuja na ng'ombe wake. Kila mwaka Guku anaweka wawili, Salu anaweka wawili, wanafunga jembe moja wanalima huku na kule. Safari hii Salu alipita na ng'ombe wake mbele ya mji wetu, akaenda kuunganisha na wa mtu mwingine. Mvua imenyesha, watu wote wanapanda pamba, na shamba la Guku limekaa kama kichwa kisichonyolewa. Nikasema nitalima mimi na wale wawili. Sengi, naomba ucheke hapa, maana baadaye hutacheka. Wale ng'ombe walinivuta mpaka kwenye miba, wakasimama, wakageuka kuniangalia. Mtu anayetikisa Bariadi nzima nimeshindwa na ng'ombe wawili wa babu yangu. Guku alikuja akashika jembe mwenyewe, na umri ule, akalima mistari minne akakaa chini, anapumua kwa mdomo.

Hakuna aliyetutukana. Hilo ndilo baya zaidi. Bibi akisalimia "Mwadila" njiani, watu wanampisha kwa adabu kabisa kama wanavyompisha mzungu, halafu wanapita. Kile kikundi chake cha kina mama cha Alhamisi, alivaa akakaa mlangoni akisubiri wampitie. Walipita kwa njia ya nyuma. Alikaa pale mpaka kivuli kikamhama, ndipo akaingia ndani, akavua kitenge akakikunja.

Nikaamua kwenda kuomba msamaha. Na hapa napo nilifanya ujinga, nikwambie tu. Nilikwenda kwa pikipiki, nikanunua kreti la soda, nikavaa miwani. Mzee Bujiku alikuwa anakata kamba za ng'ombe. Nikamwambia mtemi, yaishe, mimi kijana wako, nilikuwa napandisha shoo tu.

Akaitazama soda. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna, mtemi. Nimeleta ya kusuluhisha."

"Hatujagombana. Ninyi mmetoka. Kwetu mtu akitoka hatumfuati, na akitaka kuja hatumkatai. Anakuja kwa miguu, na jembe begani, kama anavyokuja mgeni yeyote. Na anakuja mwenye mji, siyo mtoto."

"Guku ni mgeni hapa? Baba yake ndiye alifyeka."

"Mimi najua aliyefyeka. Wewe ndiye ulisahau."

Nikarudi na soda zangu. Nilimwambia Guku, akasema hawezi. Kusimama mbele ya Bujiku, mtu waliyechunga pamoja, aombe kukaa kwenye ardhi iliyofyekwa na Mayunga? Bora mbigili ziote mpaka mlangoni. Mimi moyoni nikafurahi kidogo, nikuambie ukweli, kwa sababu nilikuwa sitaki kumwona akifanya hivyo kwa ajili yangu.

Baada ya Krismasi mama yake Salu akafariki. Najua hii nayo umeisikia, na pole sana, maana alikulea. Sisi hatukuambiwa. Tulisikia kilio tu kutoka ng'ambo ya ua. Bibi alichota unga akajaza kapu, akajifunga khanga mbili, akaweka kapu kichwani akatoka. Wewe unajua walivyokuwa wale wawili. Waliolewa mwaka mmoja, wakanyonyesheana watoto. Salu mwenyewe amekunywa maziwa ya Bibi.

Na Salu ndiye aliyetoka kumzuia. Nilikuwa nyuma yake nimembebea maji, nilisikia. Macho ya Salu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nimekuja kulia, mwanangu. Sikuja kula."

"Najua. Rudi, mama. Ninyi mlisema hambebi kuni."

Bibi akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia tu, kama mtu anayetafuta alama ya njia. Akageuka na lile kapu kichwani, tukarudi. Alimlilia mwenzake jikoni kwetu, peke yake, anajiziba mdomo na khanga ili watu wa msiba wasisikie sauti ya mtu asiyealikwa. Mimi nimekaa nje ya mlango, Sengi. Nilikuwa naweza kuwasha jenereta, naweza kuifanya sauti yangu ifike Maswa, lakini sikuwa na neno hata moja la kumwambia bibi yangu hatua tatu kutoka nilipokaa.

Asubuhi yake Guku akachukua jembe. Hakutuaga. Nilimfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya ua wa minyaa wa Mzee Bujiku. Palikuwa na watu kadhaa wamepita pale kutoka msibani. Guku akasimama nje, jembe begani, akavua kofia.

"Hodi kwa wenyeji."

"Karibu. Nani?"

"Mgeni. Naitwa Jilala, mwana wa Mayunga. Natafuta mahali pa kukaa."

Wamefahamiana miaka yote hiyo. Mguu wa Mzee Bujiku una kovu la fimbo aliyopigwa na Guku utotoni. Akamuuliza tu, kama anavyoulizwa mtu yeyote.

"Mgeni unatoka wapi?"

"Natoka nchi ya mjukuu wangu."

"Kukoje huko?"

"Kuzuri. Kuna bendera, kuna mziki mkubwa. Watu ndio hakuna."

Kijana mmoja akataka kucheka, akameza. Mzee Bujiku akalitazama lile jembe.

"Umekuja na nani?"

"Mke wangu. Anataka kumlilia mwenzake."

Hapo Mzee Bujiku akaja akalipokea lile jembe kwenye bega la Guku kwa mikono miwili, akaliegemeza ukutani kwake, akaita watu wa ndani wamletee mgeni maji. Guku alipoinua kata maji yakamwagikia kifuani. Hakufuta. Babu yangu ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti.

Bibi alikwenda mchana huo huo. Alikaa msibani siku zote zilizobaki, na sauti yake niliisikia mpaka kwetu. Salu ameshaleta ng'ombe. Nusu ya shamba imepandwa, wanasema pamba ya kuchelewa nayo ni pamba.

Basi ungesema yameisha. Hayajaisha. Nilipotoka nyuma ya minyaa siku ile ili na mimi niseme neno, Mzee Bujiku akaniambia wamepokelewa wawili. "Nchi yako bado ipo. Sisi hatuna ugomvi nayo."

Unaelewa maana yake, Sengi. Guku na Bibi sasa ni wa kitongoji, na mtu wa kitongoji hamsalimii mtu wa nje aliyejitangaza. Kwa hiyo nikienda nyumbani Guku hanijibu. Namwamkia, anaangalia mawingu, anasema labda itanyesha. Chakula Bibi anakipakua sahani ya tatu, anakisahau juu ya jiwe nje ya mlango, anaingia ndani. Nakula kama paka wa jirani.

Juzi Bibi alikuwa anamfunga mbuzi, mimi nimekaa pale kwenye jiwe. Akaanza kumwambia mbuzi, kwa sauti ya kutosha mtu wa stendi asikie.

"Wewe mbuzi, mimi ningekuwa na mjukuu ningempa akili. Ningemwambia kijana asiye na mji haendi peke yake kuomba. Anatanguliwa na mtu mzima wa damu yake. Sisi wawili ni wageni mpaka mavuno, hatuwezi kumtanguliza mtu. Baba yake nyumba yake iko humu humu, alitangazwa pamoja nasi, na hajaja kutoka Geita kujiombea. Lakini Matilda tulikwishamwoza. Ng'ombe walikuja, akatoka. Siku ile ya baragumu hakuwa wa mji huu. Bujiku mwenyewe amesema, Matilda hakutangazwa, yeye bado ni binti wa kitongoji hiki."

Mbuzi akalia. Bibi akamwambia subiri, sijamaliza.

"Na ningemwambia asimpigie simu, kwenye simu anaropoka. Aandike. Mkono wake ni mzito, atafikiri katikati ya maneno."

Ndiyo maana naandika. Na ni kweli, nafikiri katikati ya maneno. Barua hii nimeianza mara nyingi, na nyingine zote zilikuwa na utani mwingi kuliko hii.

Constantine ananiambia achana nao, wewe ni mtu wa mjini, Lingeka utakwenda kufanya nini. Nilijaribu kuachana nao. Jumamosi nilikuwa na harusi pale mjini, ukumbi umejaa. Wakasema DJ tangaza maharusi. Nikashika maiki, watu wakaanza kupiga makofi, na mimi nikamwona Bibi na lile kapu. Nikashindwa kusema. Watu wakadhani ni bateri. Constantine akanipokonya maiki akatangaza yeye, na amekosea jina la bwana harusi.

Watu wa mwaka ule wa uhuru walikuwa na kitu cha kukataa, mtu wa mbali asiyewajua hata majina. Mimi nilimkataa nani? Mtu aliyenizimia mziki kwa ajili ya mgonjwa. Na sikumkataa kwa mdomo wangu tu, nilitumia jina la babu yangu na mikono ya bibi yangu, nikaisema kwamba haibebi kuni.

Kwa hiyo naomba, Sengi. Najua ni mbali, najua Anko Thadei ana kazi na Elina ana shule. Njoo unitangulie. Guku hajasema kitu, ila lile jembe alilorudishiwa ameliegemeza nje ya ua, upande ninaokaa mimi. Kila siku nalikuta limefutwa udongo.

Jambo lenyewe likoje unalijua. Utasimama mbele, mimi nyuma yako. Watakuuliza mgeni huyu ni mtu wa namna gani, na utajibu wewe. Mimi siruhusiwi kusema. Mwanzoni nilitaka nikuandikie maneno ya kusema, nikayaandika kabisa, mazuri, mengine yana vina. Nimeyachana. Waambie unachokijua. Waambie niliacha shule wakati ulikwenda kwa kila mtu kuniombea nisome, waambie nina mdomo, waambie nilimfanya mama yako alie amejiziba. Ukiona kuna zuri la kuongeza, ongeza. Ukiona hakuna, usinitungie. Nitasimama nyuma yako kimya, na watakachoamua nitakipokea hivyo hivyo.

Na ukiona huwezi kuja, sitakulaumu. Ila nijulishe, nisije nikawa nasimama stendi kila basi la kutoka Dar likiingia. Kwa sababu nitasimama.

Nisalimie sana Anko Thadei, mwambie shamba la baba mkwe wake liko hai. Elina mwambie kaka yake anamsalimia na amekubali kwamba yeye ni mrefu. Nisalimie na majirani zako wale wema waliotupa maembe nilipokuja. Kutoka huku Bibi angekusalimia, najua, na Guku pia, lakini siruhusiwi kuchukua salamu zao, kwa hiyo nimekuletea zangu tu.

Barua nampa Nassib, kondakta wa basi la Dar, naye atampa mwenzake wa Masasi. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akufungulie njia, na akulainishe moyo kidogo tu, upande ule wenye jina langu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata simu isipoita,

Luhende